“Ni Uzee Tu” Si Jibu la Tabibu

Tuseme mama yako mzazi ametoka kijijini, nawe umempeleka Dar es Salaam kwa mdogo wako akaaye Kariakoo, ili akatibiwe. Tangu mavuno amekonda. Akiinuka kitini hushika ukuta. Ukimwita kwa nyuma haitikii, nawe wadhani amenuna. Asubuhi mwapanga foleni zahanati, nje wasukuma mikokoteni wapiga kelele wapishwe njia. Mkiingia, tabibu amtazama mama mara moja tu, asema: “Huu ni uzee tu, mama. Nenda kapumzike.” Mwarudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Je, tabibu huyo ana roho mbaya? Mara nyingi sivyo. Wengi wao chuoni walisoma sana habari za mama mjamzito, mtoto mchanga na malaria. Habari za mzee zilipitwa upesi. Lakini wazee ni wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 na nusu wenye miaka 60 na kuzidi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaondolea malipo wazee wasiojiweza, nalo ni jambo jema. Ila kutibiwa bure ni jambo moja, na kutibiwa na mtu ajuaye maradhi ya uzeeni ni jingine kabisa.

Basi atajifunzaje mtu aliye kazini tayari? Akienda chuo mwaka mzima, nani atabaki na wagonjwa? Hapo ndipo yalipoingia masomo ya mtandao. Usifikiri ni mambo ya ajabu: ile simu ya kioo iuzwayo mtaa wa Aggrey yaweza kumletea mwuguzi somo lake jioni, akiisha vua sare. Wenzetu wa Kenya walianza mapema. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi ile, lilianzisha masomo ya kompyuta ili wauguzi wa cheti wapande hadi diploma bila kuacha vituo vyao.

Na somo lenyewe lafundisha nini? Chukua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao ICOPE, ambao mwaka 2019 ulipata kitabu na programu yake ya simu. Wamtaka mhudumu aangalie mambo sita kwa kila mzee: kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio, na moyo wenye huzuni. Humtajia maneno matatu, kisha baadaye humwuliza kama ayakumbuka. Humwambia akunje mikono kifuani, asimame kitini na kuketi mara 5. Akizidi sekunde 14, miguu yake yahitaji kuangaliwa. Humwuliza kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 3 iliyopita. Hunong’ona nyuma yake aone kama asikia. Waona? Hapana mashine ya fedha nyingi hapo. Na kila dalili yataka kutafutiwa sababu: huenda masikio yamejaa nta, macho yana mtoto wa jicho, au dawa anazomeza zagombana mwilini. Mengi ya hayo yatibika.

Kariakoo kuna jambo la pili. Mtaa huu ni wa wageni tangu mwanzo. Hata jina lake latokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika foleni ile ile ya mama yako aweza kuwapo mzee aliyekimbia vita vya Burundi au vya Kongo. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Aliyeingia na miaka 35 alitimiza 60 mwaka 2021. Tena Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 yawataka wakae mahali walipopangiwa, kwa hiyo aliyefika mjini bila ruhusa hujificha. Mtafiti Marc Sommers, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alieleza habari za vijana wakimbizi kutoka Burundi waliokuwa mafundi cherehani Dar es Salaam, wakiishi kwa hofu ya kutambuliwa. Mtu wa namna hiyo akianza kuulizwa “Kwenu wapi?” kabla ya “Unaumwa nini?”, ataondoka na ugonjwa wake. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa mwaka 2011, wafundisha wahudumu kutazama, kusikiliza na kumwunganisha mtu na msaada, wala wasimlazimishe kusimulia aliyoyaona.

Sitaki kuyasifu masomo haya kupita kiasi. Bando ni ghali kwa mshahara wa mwuguzi, masomo mengi ni ya Kiingereza, na wako watakaofukuzia cheti cha kutundika ukutani. Tena mkono haujifunzi kwa picha peke yake. Mimi napenda zaidi njia aliyoianzisha Daktari Sanjeev Arora huko New Mexico, Marekani, mwaka 2003, iitwayo ECHO: wahudumu wa mbali hukutana na mabingwa kwa video, kila mmoja akaeleza habari za mgonjwa wake mwenyewe, wakashauriana. Hapo mwanafunzi hawezi kusinzia.

Nawe, kabla hujampandisha mama basi, mpime uzito uandike, na mwezi ujao mpime tena. Andika ni lini alianguka na alikuwa akifanya nini. Ukiambiwa ni uzee tu, sema kwa adabu: “Tabibu, tafadhali mwangalie masikio na macho, na mwendo wake.” Na dawa zote anazokunywa, za duka na za mitishamba pia, zitie katika mfuko mmoja mwende nazo.