Ndege Kuukuu na Injini Zake Nane

Ndugu wafanyakazi, sisi wa viwandani na mashambani twajua taabu ya mtambo mzima kusimama kwa kukosa spea moja. Basi tuwaeleze habari za mafundi wa Uingereza na ndege ya vita aina ya Vulcan, namba XH558. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1960. Aina hiyo iliundwa kubeba mabomu ya nyuklia, kazi ambayo sisi hatuisifu.

Jeshi liliiuza mwaka 1993. Mafundi waliifungua, wakaikarabati, wakairusha tena Oktoba 2007. Bahati yao ilikuwa injini nane za Olympus zilizohifadhiwa bila kutumika hata saa moja. Nne zikafungwa, nne zikawa akiba. Pa kuagiza nyingine hapakuwapo.

Mei 2012, vifuko vya kukausha unyevu vilisahaulika kwenye mdomo wa injini. Ndege ilipoanza kukimbia iruke, injini ikavimeza, na vipande vyake vikaiharibu ya jirani. Injini mbili zikafa papo hapo! Sisi twasema kinachoingizwa ndani ya mashine kiandikwe, na kikitolewa kiandikwe, hata kama bwana mkubwa anahimiza haraka.

Ndege ilirudi angani. Lakini makampuni matatu yaliyoithibitisha kiufundi yakaamua kujitoa, kwani mafundi wenye ujuzi wa mitambo ile walikuwa wamezidi kuadimika. Bila wao hapakuwa na kibali. Safari yake ya mwisho ilikuwa Oktoba 28, 2015, na injini zilikuwa bado zinafanya kazi.