Picha Izaayo Picha
Kuchora mti kwa kompyuta ni kazi nzito, kwani kila jani lahitaji umbo, rangi na kivuli chake. Mwaka 1996, Marc Levoy na Pat Hanrahan wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza njia nyingine. Kitu hupigwa picha nyingi kutoka pande mbalimbali. Kisha kompyuta huchagua na kuunganisha miali ya nuru iliyomo, ikatoa sura ambayo kamera haikuipiga. Umbo lenyewe halihitaji kujulikana. Hivyo mti wenye majani elfu hauizidishii kompyuta kazi kuliko tofali. Walakini njia hiyo ina mpaka: mti uliopigwa picha adhuhuri hubaki na kivuli cha adhuhuri, hata msomaji akitaka kuuona jioni.