Kahawa ya Mlimani na Sumukuvu ya Nyanda za Chini

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi viambata fulani vilivyomo katika buni vinavyokabiliana na kemikali isababishayo saratani katika miili ya wanyama wa maabara, na ni kwa nini msomaji wa Meru au Embu hapaswi kuyapokea matokeo hayo kwa pupa.

Katika miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Runyenjes hadi Imenti, kahawa ni zao la biashara la tangu enzi za ukoloni. Ukiteremka hadi Mbeere na Tharaka, mvua ni haba na mahindi hudhoofishwa na ukame yangali shambani. Mahindi hayo, hasa yakihifadhiwa kabla ya kukauka, hushambuliwa na kuvu wanaozalisha sumukuvu. Kuupika ugali hakuiondoi sumu hiyo. Mnamo 2004, watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Hao waliuawa na kiwango kikubwa kwa ghafla. Kiwango kidogo kinacholiwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hapo ndipo maabara inapoingia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ini lenyewe ndilo huikamilisha sumu. Vimeng'enya vyake, katika jitihada za kuivunja, huigeuza kuwa umbo kali linalojibandika kwenye DNA na kuuharibu mpangilio wake. Hata hivyo, lipo kundi jingine la vimeng'enya ambalo hulifunga umbo hilo kwa glutathioni ili litolewe mwilini. Panya wadogo wana kundi hili la pili kwa wingi, ndiyo maana sumukuvu haiwadhuru sana. Panya wakubwa wanalo kwa uchache, na huugua.

Mafuta ya buni yana viambata viwili, kafestoli na kaweoli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, panya wakubwa walilishwa viambata hivyo, na sumukuvu iliyojibandika kwenye DNA ya maini yao ikapungua. Viambata vilifanya kazi mbili kwa pamoja: vilififisha vimeng'enya vinavyoikoleza sumu na kuviongeza vile vinavyoifunga.

Je, mkulima wa Embu anywe kahawa zaidi? (Wengi wa wanaoikuza hunywa chai ya maziwa, lakini hilo ni suala jingine.) Panya walipewa viwango visivyolingana na vikombe vya kawaida. Isitoshe, kafestoli hupandisha kolesteroli katika damu ya binadamu. Kahawa iliyochujwa kwa karatasi hupoteza karibu mafuta hayo yote; ile inayochemshwa kwenye dele, kama ilivyo desturi ya pwani, hubaki nayo.

Mwandishi wa Kiswahili ana wajibu hapa. Kusema kiambata "hupunguza madhara katika panya" si sawa na kusema "hutibu saratani", na tofauti ya vitenzi hivyo viwili yaweza kumfanya mtu ale mahindi yenye ukungu akitegemea kikombe. Kinga ya Mbeere na Tharaka ingali ile ile: kuyaanika mahindi juu ya turubai, mbali na udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, ndipo yatiwe ghalani.