Fahamu: Lensi za kulalia zinazokuwezesha kuona mbali mchana

Mwanafunzi wa Ruiru anayekunja uso ili asome ubaoni, au abiria wa Thika asiyesoma maandishi ya matatu mpaka isimame mbele yake, huenda haoni mbali. Mara nyingi jicho la namna hii limerefuka kupita kiasi, na taswira huangukia mbele ya retina.

Wengi hupewa miwani. Ipo njia nyingine: lensi ngumu inayopitisha oksijeni, inayovaliwa usiku na kuvuliwa asubuhi.

Inafanyaje kazi? Lensi, pamoja na machozi yaliyo chini yake, husogeza taratibu seli za juu za konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, hadi katikati pakawa bapa zaidi. Mchana mtu huona bila miwani. Akiacha kuivaa, konea hurudia umbo lake. Marekani iliidhinisha lensi hizi za kulalia mwaka 2002, na tafiti zimeonyesha kwamba hupunguza kasi ya tatizo kuongezeka kwa watoto.

Hatari kubwa ni maambukizi. Maji ya tangi, ya kisima, hata ya mfereji, yanaweza kubeba amiba iitwayo Acanthamoeba, inayoshambulia konea na kuweza kupofusha. Kwa hiyo lensi husafishwa kwa dawa yake tu, na mikono hunawiwa sabuni na kukaushwa kabisa.

Jicho likiuma au likiwa jekundu, vua lensi na umwone daktari wa macho siku hiyo hiyo.