Maji ya Batiki na Maganda ya Ndizi

Akina mama wenzetu mnaotengeneza batiki nyumbani, yale maji ya rangi mnayamwaga wapi? Katika kikundi chetu tulikuwa tunayamwaga nyuma ya banda, yanateremka bondeni ambako majirani huchota maji ya kufulia. Siku moja mama mmoja akasema tuyasafishe kwa maganda ya ndizi. Tulicheka sana.

Kumbe halikuwa jambo la mzaha. Mwaka 1996 watafiti wa Coimbatore, kusini mwa India, walichapisha majaribio ya kunasa rangi kwa maganda ya machungwa. Jirani na hapo upo mji wa Tiruppur, ambao viwanda vyake vya kutia nguo rangi viliuchafua mto Noyyal mpaka wakulima wakaenda mahakamani. Januari 2011 Mahakama Kuu iliamuru vifungwe. Nao watafiti wa Taiwan mwaka 2002 walionyesha kwamba gramu moja ya unga wa maganda ya ndizi huweza kunasa takriban miligramu 20 za rangi ya bluu, ileile inayotumika maabara katika kupima makohozi. Baadhi ya rangi nyingine hunaswa kidogo tu, kwa hiyo jaribuni kwanza kwenye kopo.

Osha maganda, yaanike juani hadi yavunjike, yatwange na kuchekecha. Suuza unga, la sivyo utatoa maji ya kahawia. Utie kwenye maji ya rangi, koroga, acha kwa saa chache, kisha chuja kwa kitambaa.

Lakini hapa ndipo tunapoogopa. Unga wa maganda hunasa rangi. Kostiki soda tunayochanganyia batiki hautaiondoa. Maji yataonekana meupe, na bado yanaunguza. Wodini tumempokea mtoto aliyekunywa kostiki iliyowekwa kwenye chupa ya soda. Koo likiungua hivyo, kovu lake huweza kuziba njia ya chakula. Mtoto akipatwa na balaa hilo usimtapishe. Msukutulishe kwa maji safi na umkimbize hospitali. Basi maji hayo, hata yakitakata namna gani, yasinywewe, yasipikiwe, wala yasikae kwenye chupa.

Na ule unga uliokwisha kunywa rangi ufukiwe shimoni, mbali na kisima na bustani ya mboga. Mbuzi wanapenda maganda, nao hawachagui.