Je, Wajua? Kinachokula cheni ya boda si mvua

Nchini Uganda, kati ya Mbarara na Nakivale, makazi yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kinachomaliza cheni ya boda si maji ya mvua yenyewe. Ni mchanga. Ukinasa kwenye grisi iliyozeeka, hugeuka msasa na kula meno ya sproketi kila gurudumu linapozunguka. Ndiyo maana mvua za Machi zikianza, kupaka oili mpya juu ya tope ni hasara tupu: sugua kwanza kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, ndipo upake. Chungulia pia oili ya injini. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe injini; oili imwage.