Je, Wajua? Geti lako Chamazi, seva ng'ambo

Ukiwa Kariakoo ukafungua simu kutazama geti lako la Chamazi, Temeke, mara nyingi kamera na simu hukutanishwa kwanza na seva iliyo ng'ambo, kupitia mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, intaneti ikadorora nchini. Siku kama hiyo, kamera yenye kadi ya kumbukumbu huendelea kurekodi, mradi umeme upo. Nunua kadi!

Hatari kubwa zaidi ni nywila. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu. Badilisha aliyoiacha fundi. Shemeji anayetazama kwenye kompyuta Tegeta usimpe nywila yako; mfungulie akaunti yake.